Kubanduka kwa Retina kwa Watu Wasioona Mbali

Katika kijiji cha Kigombe, wilayani Muheza, kusini mwa mji wa Tanga kwenye njia iendayo Pangani, macho ni chombo cha kazi sawa na nyavu na kasia. Nahodha anayerudi jioni huitambua njia ya kupitia baina ya miamba kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, pengine mnazi mrefu na paa la nyumba. Asiyeziona alama hizo hukwama juu ya matumbawe. Wanawake wanaokwenda kutafuta pweza wakati wa bamvua humgundua mnyama huyo kwa tofauti ndogo ya rangi mlangoni mwa shimo lake. Kwa hiyo kijana asiyeona mbali hujulikana mapema kijijini, ijapokuwa aghalabu hupewa jina la uzembe au la ujinga kabla hajapewa miwani.

Hasara ya kutoona mbali, hata hivyo, haiishii kwenye ukungu. Kwa wale wachache ambao kasoro hiyo ni kubwa sana, jicho hubeba hatari nyingine isiyoweza kuondolewa na miwani: utando unaopokea picha nyuma ya jicho, uitwao retina, huweza kuchanika na kubanduka mahali pake. Jicho lililokuwa likiona vizuri huweza kupoteza nuru yake katika muda wa siku chache, pasipo maumivu, wala wekundu, wala machozi. Kukosekana kwa maumivu ndiko kunakomponza mgonjwa, kwa kuwa mtu ambaye jicho lake haliumi huamua kungoja. Lakini mara nyingi maafa hayo hutanguliwa na dalili, na baina ya dalili na maafa upo muda, pengine wa saa chache, pengine wa majuma, ambao ndani yake tiba ya dakika chache huweza kuliokoa jicho.

Jicho refu kuliko kawaida

Jicho la mtu mzima ni tufe lenye urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Nuru huingia kwa kupitia konea, ambayo ni kioo cha mbele cha jicho, hupita katika mboni na lenzi, kisha hukusanywa juu ya retina. Jicho la mtu asiyeona mbali kwa kawaida ni refu kupita kiasi. Nuru itokayo mbali hukutana kabla ya kuifikia retina, na picha ikawa na ukungu. Kila milimita moja iliyozidi huongeza kasoro kwa takribani dayopta mbili na nusu hadi tatu. Dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi, na ndiyo tarakimu inayoandikwa katika cheti cha miwani. Kwa mtu asiyeona mbali tarakimu hiyo hutanguliwa na alama ya kutoa. Wataalamu huihesabu kasoro kuwa kubwa inapofikia dayopta 6 au zaidi. Mtu wa namna hiyo, akivua miwani, hawezi kuona sawasawa kitu kilicho zaidi ya sentimita 17 kutoka machoni pake.

Miwani yenye lenzi zilizobonyea katikati huisogeza picha nyuma mpaka ikaangukia juu ya retina, na mtu akaona. Jicho lenyewe hubaki na urefu wake. Retina ya jicho hilo imenyooshwa ili ifunike eneo kubwa kuliko lile iliyoumbiwa, kama donge la chapati lililosukumwa mpaka kingo zake zikawa nyembamba mno. Retina ya kawaida yenyewe haina unene hata wa nusu milimita. Katika jicho refu, kingo zake za mbele, ambazo hazionekani mpaka mboni ipanuliwe kwa dawa, huweza kuwa na sehemu zilizochakaa na hata vitundu vidogo.

Kisha kuna ute. Nafasi kubwa iliyo baina ya lenzi na retina imejaa ute mzito, mfano wa ute mweupe wa yai bichi, ambao katika ujana umeshikamana na retina. Kadiri mtu anavyozidi kuwa na umri, ute huo hugeuka kuwa majimaji, husinyaa, na mwisho hujitenga na retina. Hili huwapata karibu watu wote wanaofikia uzee, na kwa walio wengi hutokea baada ya miaka 50 bila madhara yoyote. Kwa mwenye jicho refu huja mapema zaidi, pengine kwa miaka 10 au kuzidi, na humkuta akiwa na retina nyembamba. Pale ambapo ute umeng'ang'ania, huivuta retina wakati wa kujitenga, na retina ikachanika kwa umbo linalofanana na kwato ya punda. Kipande kilichochanika hubaki kikivutwa na ute kila jicho linapogeuka.

Yanayofuata hueleweka kwa urahisi na mtu aliyekulia katika nyumba ya pwani iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa lipu ya chokaa. Lipu hukaa ukutani miaka na miaka mpaka upatikane ufa. Maji ya mvua yakishapenya katika ufa huo, huenea nyuma ya lipu, nayo ikafura na kuachana na ukuta, kwanza kiganja kimoja, kisha upande mzima. Majimaji ya jichoni nayo hupenya katika mchaniko wa retina, yakaenea nyuma yake na kuisukuma mbele. Chembe za retina zinazohisi nuru hupata chakula na hewa ya oksijeni kutoka katika tabaka la mishipa ya damu lililo nyuma yake. Zikitenganishwa na tabaka hilo huanza kufa. Mahali penye thamani kuliko pote ni sehemu ndogo iliyo katikati, iitwayo makula, ambayo kwayo mtu husoma, hutambua nyuso na kutunga uzi katika sindano. Iwapo makula haijabanduka, mgonjwa aliyetibiwa kwa wakati huweza kurudi na uwezo wake wote wa kuona. Ikishabanduka, kila siku inayopita hupunguza kile kinachoweza kurudishwa, na baada ya majuma kadhaa retina huanza kuota makovu na kujikunja, na kuinyoosha tena ni kazi ngumu hata kwa bingwa.

Ni watu wangapi?

Kubanduka kwa retina si ugonjwa wa kila nyumba. Katika nchi zilizofanya hesabu, hupatikana takribani mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000 katika mwaka. Uchunguzi mmoja uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1993 ulionyesha kwamba, kwa watu ambao jicho lao halijapata jeraha, mwenye kasoro ya dayopta 1 hadi 3 hukabiliwa na hatari mara nne kuliko asiye na kasoro, na aliyezidi dayopta 3 mara kumi. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wa aina hiyo walipatwa kwa sababu ya macho yasiyoona mbali. Mwenye miwani mizito hana sababu ya kukosa usingizi kwa ajili ya tarakimu hizi, kwa maana hata hatari ndogo iliyozidishwa mara kumi bado ni ndogo katika mwaka mmoja. Anayo sababu ya kuzijua dalili, kwa kuwa ataishi na jicho hilo miaka mingi.

Hapa Tanzania kutoona mbali si jambo la kawaida kama lilivyo katika miji ya Asia ya Mashariki, lakini lipo. Wanafunzi 2,511 wa shule za sekondari katika mji wa Mwanza walipimwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002: asilimia 6.1 walikuwa na kasoro kubwa ya kutosha kuhitaji miwani, na takribani wote hao walikuwa hawaoni mbali. Kati ya waliohitaji miwani, chini ya theluthi moja ndio waliokuwa nayo. Mtu ambaye hajawahi kupimwa hawezi kujua kama kasoro yake ni ya dayopta 2 au ya dayopta 9, na kwa hiyo hawezi kujua kama yumo katika hatari. Mwaka huo huo wa 2002 ilichapishwa pia taarifa ya wagonjwa wa Afrika Mashariki waliopasuliwa kwa ajili ya kubanduka kwa retina. Wengi mno miongoni mwao walifika hospitali makula ikiwa imekwisha kubanduka. Mabingwa walikuwapo na vyombo vilikuwapo. Kilichokosekana ni siku zile za mwanzo.

Dalili zisizouma

Dalili ya kwanza ni vimulimuli. Mgonjwa huona mwanga kama umeme wa mbali pembeni mwa jicho, hasa gizani au anapogeuza macho kwa haraka. Huo si umeme wala si maono: ute unapoivuta retina, retina hujibu kwa namna moja tu iliyo nayo, yaani kuuarifu ubongo kwamba imeona nuru. Dalili ya pili ni vitone vyeusi au nyuzi zinazoelea mbele ya jicho na kuhama kila jicho linapohama. Watu wengi wasioona mbali wamezoea kuona kitone kimoja au viwili tangu ujana, na hivyo vya zamani havina neno. Cha kutisha ni vipya vinavyotokea kwa ghafula na kwa wingi, kama masizi yaliyomwagwa au kundi la mbu, kwa sababu huenda vikawa ni chembe za damu kutoka katika mshipa uliokatika retina ilipochanika.

Dalili ya tatu ni kivuli kinachoingia kutoka upande mmoja kama pazia linalovutwa, na kisichoondoka kwa kupepesa macho. Hapo retina imekwisha kuanza kubanduka. Kwa kuwa picha ndani ya jicho hupinduliwa, kivuli kinachopanda kutoka chini maana yake ni kwamba retina imebanduka upande wa juu, na upande wa juu ndio wenye haraka zaidi, kwa sababu maji hushuka kwa uzito wake yakaikimbilia makula.

Wanaopatwa na vimulimuli na vitone vipya kwa ghafula wote si wagonjwa wa retina iliyochanika. Kwa hesabu zilizokusanywa, ni mmoja hivi kwa kila saba. Hao sita wengine ute wao umejitenga kwa salama. Lakini hakuna awezaye kuwatenga sita na yule mmoja kwa kuwatazama usoni, wala kwa kuwapima usomaji wa herufi ukutani, kwa kuwa mwenye retina iliyochanika huweza kuzisoma herufi zote. Hapana budi mboni ipanuliwe kwa dawa ya matone na retina ichunguzwe yote mpaka kingoni. Aliyeambiwa kwamba jicho ni zima bila mboni yake kupanuliwa hajapimwa bado kwa ajili ya ugonjwa huu.

Kuziba mchaniko kabla ya maji

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 aliyebandukwa na retina alihesabiwa kuwa kipofu wa jicho hilo. Madaktari walikuwa na uwezo wa kuitazama retina tangu mwaka 1851, Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alipotangaza chombo chake cha kuchungulia ndani ya jicho, lakini waliliona tundu wakalidhani kuwa ni matokeo ya ugonjwa. Jules Gonin, daktari wa mji wa Lausanne nchini Uswisi, alishikilia kwamba tundu ndilo chanzo, na kwamba likizibwa retina itarudi. Alilitafuta tundu, akalichoma kwa chuma cha moto kupitia ukuta wa jicho, na wagonjwa wakaona. Wenzake walimbeza kwa miaka mingi, hata ulipofika mkutano wa kimataifa wa madaktari wa macho huko Amsterdam mwaka 1929 ambapo hoja yake ilikubaliwa.

Hatua ya pili ilitokana na jua. Baada ya kupatwa kwa jua mwezi Julai 1945, daktari kijana wa Ujerumani, Gerd Meyer-Schwickerath, aliona makovu katika retina ya mtu aliyelitazama jua hilo bila kinga. Akafikiri kwamba nuru iwezayo kudhuru retina huweza pia kuigandisha mahali pake, ikiwa itaelekezwa kwa kipimo. Majaribio yake ya mwanzo aliyafanya kwa nuru ya jua lenyewe iliyonaswa kwa vioo juu ya paa, jambo lililomlazimu kungoja mbingu iwe safi, na katika Ujerumani ya kaskazini kungoja huko hakukuwa kufupi. Taa zenye nguvu zilifuata katika miaka ya 1950, kisha mionzi ya leza ambayo ndiyo itumikayo leo.

Mgonjwa hukaa mbele ya chombo, jicho lake likatiwa dawa ya ganzi, na daktari akauzungushia mchaniko safu mbili tatu za vidoa vidogo vya kuungua. Retina iliyouzunguka mchaniko hushikamana na tabaka la nyuma yake kwa kovu, na maji hayapati njia ya kuenea. Fundi anayekalafati mashua hufanya vivyo hivyo: huziba upenyo chombo kikiwa pwani, wala hangoji maji yajae ndani. Pale ambapo leza haifai, daktari hugandisha sehemu hiyo kwa baridi kali kutoka nje ya jicho. Tiba hizi hazirudishi uwezo wa kuona uliopotea, wala haziondoi vitone vinavyoelea. Kazi yake ni kuzuia. Mchaniko wa kwato uliokuja na dalili, ukiachwa, huleta kubanduka kwa retina kwa takribani nusu ya wagonjwa. Ukizungushiwa leza kwa wakati, hatari hiyo hushuka hata kuwa chini ya mmoja kwa kila ishirini.

Yafaa ieleweke kwamba si kila kasoro inayoonekana kingoni mwa retina huhitaji kuchomwa. Sehemu zilizochakaa hupatikana kwa watu 6 hadi 8 kwa kila mia, na wengi wao huzeeka nazo bila tatizo. Kuchoma retina isiyo na dalili kwa ajili ya tahadhari tupu kuna madhara yake, na mara nyingi mchaniko mpya hutokea mahali pengine pasipochomwa. Daktari huwa mwepesi zaidi wa kutibu ikiwa jicho la pili la mgonjwa huyo lilikwisha kubandukwa na retina, au ikiwa wapo ndugu waliopatwa. Mwenye jicho refu anayetaka kutolewa mtoto wa jicho naye achunguzwe retina kwanza, maana upasuaji huo, ingawa ni wenye manufaa makubwa, huongeza kidogo hatari ya baadaye.

Retina iliyokwisha kubanduka haitoshelezwi na leza peke yake. Hupasuliwa: ama ukuta wa jicho hukazwa kutoka nje, ama ute huondolewa na nafasi yake ikajazwa gesi au mafuta maalumu yanayoisukuma retina mahali pake. Mwenye gesi jichoni hukatazwa kusafiri kwa ndege, na kwa mtu wa Tanga katazo hilo lahusu pia kupanda Lushoto, kwa sababu gesi hutanuka kila mtu anapokwenda juu na kulibana jicho.

Safari ya mgonjwa wa Kigombe

Mvuvi aliyeona pazia likiingia katika jicho lake yuko mbali na chumba cha upasuaji. Hospitali ya mkoa ya Bombo ipo Tanga mjini, lakini mabingwa wa retina hupatikana katika hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, na zile za Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam. Moshi na Dar es Salaam kila mmoja uko zaidi ya kilomita 300 kutoka Tanga. Hivyo siku zinazopotea barabarani ni chache. Nyingi hupotea kijijini, katika kungoja maji ya bamvua yapite, katika kununua dawa ya matone dukani, au katika kuambiwa kwamba ni mtoto wa jicho na hauna budi kukomaa kwanza. Mtoto wa jicho huja polepole kwa miezi na miaka. Kivuli kilichoingia tangu juzi ni ugonjwa mwingine, na mgonjwa amwambie hivyo mganga wa zahanati: ni siku gani kilianza, kutoka upande gani, na miwani yake ni ya dayopta ngapi. Asaidiwe kupata barua ya rufaa siku ile ile.

Jicho lisiloona mbali lahitaji pia kuepushwa na mapigo. Ngumi, mpira uliopigwa kwa karibu na kijiti kilichorushwa huweza kuichana retina hata katika jicho zima, sembuse jicho lenye retina nyembamba. Katika mwambao wa Tanga iko sababu nyingine isiyopasa kufichwa. Uvuvi wa baruti, uliopigwa marufuku kwa sheria ya uvuvi ya mwaka 1970, uliendelea kwa miongo mingi, na Kigombe ni miongoni mwa vijiji vilivyoumia kwa kuvunjwa matumbawe yake kabla hakijawa kimoja kati ya vijiji vya mwanzo vya mpango wa hifadhi ya pwani ulioanza mwaka 1994. Hasara ya samaki imeandikwa sana. Baruti inayolipuka mkononi kabla ya wakati hukata vidole na kutoboa macho, na aliyenusurika na jicho lililovia damu asidhani kwamba amepona damu inapokauka, kwa maana retina iliyochanika siku ya mlipuko huweza kubanduka miezi kadhaa baadaye.

Kwa upande wa watoto, jitihada ni kulizuia jicho lisirefuke. Majaribio yaliyofanywa katika shule za Guangzhou nchini China, na kuchapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba kuwaongezea watoto dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule kulipunguza idadi ya walioanza kutoona mbali. Mtoto wa Kigombe anayecheza ufukweni anayo dawa hiyo bila malipo, lakini yule wa mjini anayefungiwa ndani na vitabu na simu hana. Mtoto aliyekwisha kuanza kasoro hii huweza kupewa na daktari matone hafifu ya atropini ili kuipunguza kasi yake, na apimwe kila mwaka, maana mtoto aliyeanza kuvaa miwani akiwa na umri wa miaka 7 ana nafasi kubwa ya kufikia dayopta 6 kuliko aliyeanza akiwa na miaka 15.

Aliyetibiwa kwa leza hatakiwi kujiona amemaliza siku hiyo hiyo, kwa kuwa kovu huchukua siku 10 hadi 14 kukomaa. Katika muda huo hujiepusha na michezo ya vishindo, na hurudi kuchunguzwa, jicho la pili likiwamo. Baada ya hapo anachofundishwa kufanya nyumbani hakihitaji chombo chochote. Macho mawili yakitazama pamoja, jicho zima hufunika upungufu wa jicho gonjwa, na pazia huweza kufika nusu ya njia bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo hufunika jicho moja kwa kiganja, akatazama kwa jingine kitu kilicho mbali anachokifahamu vizuri, tuseme ule mnazi unaoongoza vyombo, akaangalia kama pembe zote nne zinaonekana. Kisha akabadilisha jicho.